Forester ya turbo na Vitz katika nyumba moja: ipi inataka petroli ya bei?

Swali: Nimenunua Subaru Forester 2.0XT ya mwaka 2015 iliyotoka Japani. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani nisichoweza kukisoma. Fundi wangu ananiambia nisithubutu kuitia super ya kawaida, niitie V-Power tu, ile petroli ya bei ya Shell. Shemeji yangu, dereva wa miaka mingi, anasema petroli ni petroli, zote zatoka bomba moja, na mimi kwa sasa nimemsikiliza yeye. Mke wangu naye ana Vitz ya 1.0, na tangu ainunue huitia V-Power ili injini idumu. Nani anasema kweli? Na nikisafiri kwenda Nairobi nikaikosa V-Power njiani, nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Jibu:

Ndugu yangu, kwa ulivyoeleza, magari yenu mawili yanatiwa mafuta kinyume. Forester ndiyo inayohitaji petroli ya oktani ya juu, na inatiwa ya kawaida. Vitz inatosheka na ya kawaida, na ndiyo inayotiwa ya bei. Fundi wako yuko sawa kuhusu hitaji la Forester. Shemeji yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo nitairudia kwa sababu ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mke wako analipia oktani ambayo injini yake haina pa kuitumia, ingawa kuna jambo moja ambalo hoja yake inasimama.

Tuanze ndani ya silinda. Pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kwenda pembeni. Moto unaposambaa, ule mchanganyiko wa pembeni ambao haujaungua bado huzidi kubanwa na kupata joto. Ukizidiwa, huwaka wenyewe kwa mkupuo kabla moto wa plagi haujaufikia. Ndipo dereva husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa anapokanyaga mafuta kwenye mlima akiwa na gia kubwa. Mafundi husema injini inagonga. Kila inapogonga ni pigo la shinikizo na joto juu ya pistoni, ringi na gasketi ya silinda hedi.

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa na joto bila kuwaka yenyewe. Hilo tu. Haipimi usafi wa petroli, wala haipimi nguvu iliyomo katika lita moja. Kipimo hiki kilizaliwa Marekani miaka ya 1920, mkemia Graham Edgar alipopendekeza vimiminika viwili viwe mizani: iso-oktani ikapewa 100 na heptani ikapewa 0. Petroli inayoitwa 95 ni ile ambayo, ikijaribiwa kwenye injini maalumu ya maabara, hugonga sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za iso-oktani na 5 za heptani.

Sasa kibandiko chako. Tafuta maandishi haya: プレミアム au ハイオク. La kwanza husomeka "puremiamu", la pili "haioku", na yote mawili yana maana kwamba gari limeundwa kwa petroli ya oktani ya juu. Ukiona レギュラー, yaani "regyura", ni petroli ya kawaida. Kwa Forester ya 2.0XT ya mwaka huo sihitaji kukiona kibandiko. Injini yake ni FA20 yenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na sindano za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, Subaru waliipa nguvu za farasi 280, na huko Japani ni gari la haioku. Forester ya 2.0 isiyo na turbo ya miaka hiyohiyo ni ya regyura. Watu wengi huyachanganya haya mawili kwa sababu yanafanana kwa bodi, kisha mmoja humshauri mwenzake kwa gari lisilo lake.

Kiwango cha Japani kinataka regyura iwe na oktani isiyopungua 89 na haioku isiyopungua 96, kwa kipimo cha RON, yaani oktani inayopimwa injini ya maabara ikizunguka polepole. Kwenye pampu zao regyura hukaribia 90, na haioku inayouzwa sana hutangazwa kuwa 100 au karibu yake. Kwa viwango vya Kenya, super haitakiwi kushuka chini ya RON 93. Zamani vituo vyetu vilikuwa na pampu mbili, ya regular na ya super. Regular ikaondoka sokoni, super ikabaki peke yake, na jina lake likaendelea kuwapa watu picha ya kitu cha daraja la juu. Leo super ndiyo petroli ya kawaida.

Basi piga hesabu ya nyumba yako. Vitz ya 1.0 iliundwa kwa petroli ya 89 au 90, na super inaipa 93. Tayari imepata zaidi ya ilichoomba. Kuiongezea tena ni kumwaga pesa, kwa kuwa injini ile haigongi na kompyuta yake haina la kufanya na uwezo huo wa ziada. Forester iliundwa kwa 96 hadi 100, na super inaipa 93. Inapungukiwa kila unapojaza.

Jambo hili limepimwa. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, mwaka 2016 kilijaribu premium kwenye magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, hakikuona faida ya maana katika nguvu, matumizi wala moshi, na kikakadiria kwamba madereva wa Marekani walipoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kununua premium isiyohitajika. Mwaka uliofuata chama hichohicho kikapima magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza premium bila kuilazimisha. Hapo tofauti ilionekana, lakini ndogo: kwa wastani matumizi ya petroli yalipata nafuu ya asilimia 2.7 na nguvu iliongezeka kwa asilimia 1.4. Kwa hiyo kitabu cha gari kikisema premium "inapendekezwa", una hiari. Kikisema "inatakiwa", chukua kuwa ni sharti.

Ukiwa na ndugu Marekani anayekwambia gari lake latumia 87, usistaajabu. Wenzetu wa huko huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, RON na MON (hiki cha pili hupimwa injini ikizunguka kasi zaidi na kwa joto zaidi), na wastani huo hutoka mdogo. 87 yao ni kama RON 91 au 92, na 93 yao hukaribia RON 98. Nimeona watu wakiitegemea super wakidhani ni sawa na premium ya Marekani, au wakinunua dawa za oktani kwa kufuata namba ya kipimo kingine. Kabla ya kulinganisha, hakikisha unalinganisha RON na RON.

"Mbona sasa Forester yangu inatembea vizuri na super?" Utauliza hivyo, na ni swali la haki. Kwenye bloku ya injini kuna sensa inayosikiliza kugonga. Ikisikia, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi, na kwa injini ya turbo huweza pia kupunguza shinikizo la turbo. Unapoteza nguvu kidogo, unachoma petroli kidogo zaidi, na mara nyingi husikii chochote. Hiyo ni kinga njema, ila ina mipaka. Sensa hufanya kazi baada ya injini kugonga, haiizuii isigonge. Ukikanyaga mafuta ghafla injini ikiwa ya moto, turbo ikijaza hewa, injini hugonga mara kadhaa kabla kompyuta haijarekebisha. Ikirudiwa kwa miezi, injini ya turbo hulipa. Subaru za turbo za zamani, zile za EJ20 na EJ25, zinajulikana na mafundi kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, na kugonga kwa muda mrefu ni sababu mojawapo kubwa. Yako ni FA20, injini tofauti, lakini fizikia ni ileile.

Na Mombasa inakuongezea ugumu. Injini hugonga upesi zaidi hewa inapokuwa nzito na ya moto, na pwani unayapata yote mawili. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Gari lisilo na turbo likiwa Nairobi huvuta hewa kidogo, hubana kidogo, na hivyo huhitaji oktani ndogo kidogo. Ndiyo maana Denver, mji wa Marekani ulio juu karibu kama Nairobi, pampu ya kawaida huuza 85 badala ya 87. Rafiki yako wa Nairobi anayekuapia kwamba gari lake la haioku halijawahi kugonga na super huenda anasema kweli, na gari hilohilo likishuka Mombasa likapakiwa watu watano na mizigo, likagonga. Turbo haipati nafuu kubwa ya mwinuko, kwa kuwa kazi yake ni kuirudisha hewa iliyopungua.

Sasa nusu ya ukweli ya shemeji yako. Petroli inayoingia Kenya huagizwa kwa pamoja kisha hugawiwa kampuni mbalimbali, na hupitia matangi na bomba la Kenya Pipeline. Petroli ya msingi haina jina la kampuni ikiwa ndani ya bomba. Tofauti ya jina huja baadaye, na kwa sehemu kubwa ni dawa zinazochanganywa: za kusafisha sindano na vali, za kuzuia kutu, za kupunguza msuguano. Kwa hiyo petroli yenye jina la kifahari inaweza kuwa na oktani ya juu, na inaweza pia kuwa petroli ya oktani ileile iliyoongezwa dawa ya kusafisha. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kabla ya kulipia tofauti ya bei kwa ajili ya Forester, muulize msimamizi wa kituo: RON ni ngapi? Usikubali jibu la "hii ni nzuri zaidi" au "hii ni ya magari makubwa". Taka namba. Kama hapati, tafuta namba hiyo katika maelezo ya bidhaa ya kampuni yenyewe. Ukipata 95 uko karibu sana na kiwango cha Kijapani. Ukipata 97 au 98, umefika. Ukigundua kwamba ni 93 yenye dawa, umenunua sabuni na Forester yako ingali inahitaji oktani.

Nasema sabuni bila kuidharau, na hapa ndipo hoja ya mke wako inaposimama. Dawa za kusafisha zina kazi ya kweli. AAA hiyohiyo mwaka 2016 ililinganisha petroli zenye dawa nyingi na zile zenye kiwango cha chini kinachoruhusiwa na sheria, ikakuta zile za dawa chache huacha masalia ya kaboni mara 19 zaidi kwa wastani. Vitz yenu hupuliza petroli nyuma ya vali za kuingiza hewa, kwa hiyo petroli yenye dawa huziosha vali hizo kweli. Akitaka, ajaze tangi moja ya namna hiyo mara mojamoja. Lakini tufanye hesabu. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 20 kwa lita. Tangi ya Vitz huchukua lita 42, hivyo ni shilingi 840 kila anapojaza. Akijaza mara moja kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 43,680. Pesa hizo ni oili nzuri na filta kila servisi, plagi mpya, maji halisi ya rejeta badala ya maji ya bomba, na bado chenji inabaki. Ningependa injini ya mke wangu idumu, huko ndiko ningezipeleka.

Kwa Forester, habari ya dawa ni tofauti. Kwa kuwa sindano zake hupuliza ndani ya silinda moja kwa moja, petroli haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, na dawa yoyote iliyomo haitazigusa. Itasafisha ncha za sindano, na hilo lina faida, ila masalia ya vali huondolewa kwa kufungua na kusafisha. Mtu akikuuzia petroli yoyote kwa ahadi ya kusafisha vali za injini ya aina hii, jua hajui anachouza.

Nikutajie gari jingine linaloonyesha jinsi watengenezaji wenyewe wanavyoitazama oktani, kwa sababu liko tele barabarani kwetu. Mark X ya kwanza, GRX120, yenye injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5, ilikuwa ya haioku na nguvu za farasi 215. Ilipotoka Mark X ya pili, GRX130, Toyota waliirekebisha injini hiyo ya 2.5 itumie regyura, ikashuka hadi 203. Farasi 12 ndiyo bei waliyoilipa kwa kushusha oktani, na waliilipa kwa kupanga upya injini yenyewe kiwandani. Mwenye GRX120 anayetia petroli ya chini anaiachia sensa kazi hiyo. Mwenye GRX130 ya 2.5 anayetia ya bei kwa sababu "Mark X ni ya V-Power" hajasoma kifuniko chake.

Magari ya Ulaya yaliyopitia Japani yana hadithi yake, na wasomaji wengi wa Golf na Audi huniuliza. Huko Japani karibu yote hubandikwa haioku. Sababu ni kwamba Ulaya petroli ya kawaida ni RON 95, na regyura ya Kijapani haifiki hapo, basi mwenye gari huelekezwa haioku. Golf ya TSI yenye kibandiko cha haioku kwa kawaida hutosheka na 95. Mara nyingi utakuta namba hiyo imeandikwa waziwazi kwenye kifuniko, pembeni ya kile kibandiko cha Kijapani.

Kuhusu chupa za kuongeza oktani, sizipendekezi kama mazoea. Nyingi hutangaza "pointi", na pointi kumi ni oktani moja tu: chupa inayoahidi pointi 30 inaipandisha petroli kutoka 93 hadi 96 ikiwa utaitumia kwa kiasi cha tangi kilichoandikwa, si zaidi. Baadhi zina manganizi, ambayo huacha utando mwekundu kwenye plagi. Pesa hizo zitakufaa zaidi ukinunua petroli yenye namba halisi.

Ikiwa gari la regyura, kama Vitz, litaanza kugonga na super, usilifunike kwa petroli ghali. Injini iliyokwenda kilomita nyingi hujenga kaboni juu ya pistoni, na kaboni hiyo huongeza mbano na joto. Angalia pia rejeta na thamostati, plagi kama ni za aina sahihi, sensa ya hewa, na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Na uangalie ulikojaza. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hushuka oktani vibaya, kwa sababu mafuta ya taa hayastahimili kubanwa hata kidogo. Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya biashara hiyo, na Tanzania iliongeza kodi yake mwaka 2011 kwa sababu hiyohiyo. Ukisikia injini inagonga mara baada ya kujaza kituo usichokizoea, na moshi una harufu ya taa, hiyo ndiyo shaka yako ya kwanza. Petroli ya kawaida iliyo safi, kutoka kituo chenye wateja wengi, ni bora kuliko yenye jina kubwa iliyolala kwenye tangi lenye maji.

Kwa Forester yako, mbali na kutafuta oktani ya juu, kuna mambo mawili. La kwanza, mwambie fundi aunganishe kifaa cha kusoma kompyuta na atazame kumbukumbu za Subaru za kurekebisha cheche. Zitamwonyesha kama kompyuta imezoea kuchelewesha kwa sababu ya kugonga. Ukiona imechelewesha sana, jaza oktani ya juu tangi mbili au tatu kisha asome tena. La pili, ikiwa unajua utaishi na petroli ya 93 au 95 kwa miaka, wapo mafundi wanaoweza kuipanga upya ramani ya kompyuta ilingane na petroli ya hapa. Si kazi ya bei nafuu, na usimpe mtu asiyeweza kukuonyesha vipimo vya kugonga kabla na baada. Ikifanywa vizuri, huiondolea injini mzigo kuliko chupa yoyote.

Kuhusu safari, ukiikosa ya oktani ya juu ukiwa Voi au Mtito Andei, tia super bila hofu. Usijaze tangi lote: tia lita 20, ufike kituo kinachofuata chenye unayoitaka, maana zikichanganyika oktani hukaa katikati kadiri ya kiasi cha kila moja. Wakati huo endesha bila turbo kufanya kazi ngumu. Usiyapite malori kwa kukanyaga mafuta hadi chini ukiwa na gia kubwa. Shusha gia kwanza, injini izunguke haraka kidogo, ndipo upite. Mchana wa jua kali, ukiwa na abiria na mizigo, subiri nafasi ndefu ya kupita. Ukisikia mlio wa kugonga, inua mguu papo hapo, na ukifika mahali salama tazama geji ya joto kabla ya kuendelea.